Kuhamisha Access ya SACCOS kwenda SQL Server: fomu ziache, beba majedwali

Kama ofisi yenu ina databesi ya Access imejaa fomu na ripoti ambazo watu wamezizoea miaka na miaka, usiitupe. Toa majedwali tu, yapeleke kwenye seva, fomu ziache palepale. Najua sio ushauri unaovutia, mana siku hizi kila bosi anataka "mfumo wa mtandaoni" wenye dashibodi na vigrafu vinavyochezacheza, na kila kijana aliyetoka chuo anataka aandike upya kila kitu kuanzia sifuri, ila ngoja nieleze kwa nini mimi nimekaa upande huu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya SACCOS ya wafanyakazi, ofisi ndogo tu, makeshia wawili, mama mhasibu, afisa mikopo na meneja. Kila kitu kilikuwa kwenye faili moja la Access: wanachama, hisa, akiba, mikopo, wadhamini, marejesho, risiti. Faili linakaa kwenye kompyuta ya mama mhasibu kwenye folda ya kushea, wengine wote wanalifungua kutoka mezani kwao. Aliyelitengeneza alishaondoka zamani, na kwa kweli alikuwa fundi, fomu zake zinafuata kabisa jinsi kazi inavyokwenda pale kaunta. Tatizo ni kwamba faili lilikuwa linaharibika. Umeme ukikatika katikati ya siku, au meneja akihama na laptopu yake ya waifai kutoka chumba hiki kwenda kile, mara unasikia kaunta "jamani imegoma tena", ukifungua unakutana na eror 3343, yaani Access yenyewe inakwambia hili faili silitambui. Hapo wote mnatoka, unafanya kompakti na ripea (kulibana na kulikarabati faili), wanachama wamepanga foleni nje wanakuangalia.

Wengi wanailaumu Access ila ukijua inavyofanya kazi utaona inabebeshwa mzigo usio wake. Access ikiwa kwenye netiweki haina mtu wa katikati. Injini yake, ile iliyokuwa inaitwa Jet tangu Access ya kwanza mwaka 1992 halafu kuanzia Access 2007 ikaitwa ACE, inakaa kwenye kila kompyuta ya mtumiaji, haikai kule kwenye faili. Kompyuta ya mhasibu kazi yake ni kutoa vipande vya faili inavyoombwa, basi, haijui hata kama ni databesi. Kila kompyuta inaingia yenyewe, inachota kurasa inazotaka, inaandika, na wanapishana kwa kuangalia kale kafaili ka .laccdb kanakotokea pembeni. Ni watu watano wanaandika kwenye daftari moja la duka kila mmoja na kalamu yake, sasa mmoja akianguka katikati ya mstari ndo imetoka hiyo. Waifai ikipepesa kidogo tu wakati wa kuandika, ukurasa umebaki nusu.

Hapa nisahihishe kitu, mana nakisikia sana. Watu husema Access inavuta jedwali zima kila ukitafuta kitu. Sio kihivyo. Kukiwa na indeksi, yaani orodha ya kutafutia kama ile ya nyuma ya kitabu, inavuta kurasa za indeksi na zile chache za data zinazohitajika. Ila ukitafuta kwenye kolamu isiyo na indeksi, hapo kweli jedwali zima linapita kwenye waya, na kwenye ofisi nyingi hizi indeksi ni ile ya namba ya mwanachama tu, majina hayana kitu. Halafu kuna ukuta wa GB 2 kwa faili zima, na ukifuta rekodi faili halipungui mpaka ukompakti. Kuhusu idadi ya watumiaji, kwenye makaratasi ni 255. Kwenye maisha ya kawaida hao 255 sijawahi kuwaona wala sitaki kuwaona.

Seva inaleta badiliko moja tu ila ndo kubwa: mwandishi anakuwa mmoja. Kompyuta zote zinatuma maombi, yeye anaandika, tena anaandika kwanza kwenye logi kabla ya kugusa faili lenyewe. Umeme ukikatika, ukirudi anasoma logi, kilichokuwa kimekamilika anakimalizia, kilichoishia njiani anakifuta kana kwamba hakikutokea. Hiyo pekee inatosha kulipia kazi nzima. Spidi wala sio sababu, na nitaieleza chini, mana ukihamisha bila kugusa kwiri (yale maswali ambayo fomu na ripoti zinaiuliza databesi) unaweza ukapata kitu kizito kuliko mwanzo.

Seva gani sasa? Nilichukua SQL Server ya Microsoft, aina ya Express toleo la 2022, ya bure, databesi moja inaruhusiwa GB 10 na inatumia kori 4 na kumbukumbu isiyozidi MB 1410, kwa SACCOS ya saizi hii ni bahari. PostgreSQL, seva nyingine ya databesi, naipenda zaidi moyoni, haina hayo mageti, lakini ukiwa na Access mbele ina vijimambo vyake: inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo keshia aliyezoea kuandika "mwanaidi" akapata "MWANAIDI" ataambiwa hayupo, majina ya majedwali yenye herufi kubwa unayawekea alama za kunukuu kila mahali, na zile kolamu za ndiyo au hapana inabidi uchezee setingi za draiva mpaka zielewane. Inawezekana, ila kwa watu wanaotaka Jumatatu wafungue kaunta nilienda na njia yenye mawe machache.

Sasa kwenye data yenyewe, na hapa ndo muda wote ulikoishia. Faili la Access ni pole sana, linapokea chochote. Seva ni kali. Na ukali wake unakutolea vitu vyote vilivyofichwa uvunguni miaka yote.

Tarehe kwanza. Access inakubali mwaka wowote kuanzia 100 mpaka 9999, kwa hiyo keshia akikusudia 12/03/2017 akaruka sifuri akaandika 12/03/217, fomu haisemi kitu, inasevu. Aina ya datetime kwenye SQL Server inaanzia mwaka 1753, ikikutana na hiyo inakataa na uhamishaji unasimama. Aina mpya, datetime2, inaanzia mwaka 1, kwa hiyo hiyo inaimeza kimyakimya na unabaki na mkopo uliotolewa kabla hata Kilwa haijawa mji, riba yake inahesabiwa tangu huko. Bora ile inayokataa kuliko inayomeza. Kabla ya kuhamisha piga kwiri kwenye kila kolamu ya tarehe, tafuta kila kilicho kabla ya chama kuanzishwa na kila kilicho baada ya leo, utashangaa.

Ya pili ni namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, inaanza na mwaka wa kuzaliwa, mwezi na tarehe, halafu zinafuata nyingine. Kuna mtu alikuja kuongeza hiyo kolamu baadaye akaiweka aina ya namba, Double, akiona ni namba basi iwe namba. Double inashika tarakimu kama 15 tu kwa uhakika. Ukiangalia kwenye fomu unaona kitu chenye E+19 mwishoni, na ukiilazimisha ikuonyeshe namba nzima, tarakimu za mwisho sio zake tena. Hakuna kodi ya VBA, ile lugha ya programu ya ndani ya Access, itakayozirudisha, zimeshapotea siku ileile zilipoingizwa. Ilibidi afisa mikopo arudi kwenye mafaili ya karatasi akae na fomu za kujiunga moja moja. Kitu chochote usichokijumlisha wala kukizidisha ni maandishi: NIDA, simu, namba ya akaunti, TIN. Simu ikiwekwa namba inapoteza sifuri ya mbele na SMS haziendi.

Na NIDA hiyohiyo ina mtego mwingine. Unataka isijirudie kwa wanachama wawili, unaweka indeksi ya kipekee. Kwenye Access wanachama wasio na NIDA wanaweza kuwa wengi tu, tupu haihesabiwi kama kurudia. Kwenye SQL Server tupu inaruhusiwa moja. Ya pili inakataliwa. Dawa ni kuweka indeksi yenye kichujio, inayohesabu zile zisizo tupu peke yake, ila kama hujui utahangaika kutafuta huyo mwanachama anayejirudia na hayupo.

Halafu yatima. Mkopo upo, mwanachama wake hayupo. Kwenye faili la zamani uhusiano kati ya majedwali ulichorwa vizuri kwenye picha lakini ule wa kulazimisha haukuwashwa, kwa hiyo mtu akifuta mwanachama, mikopo yake inabaki inaelea. Nilitoa orodha nikampelekea mama mhasibu. Nilitegemea aseme futa. Akavaa miwani, akaenda kabatini akatoa leja ya jalada jekundu, akaanza kupitia namba moja moja. "Huyu alihamishwa Songea, deni lake alilipa mdhamini. Huyu ni marehemu, bima ililipa, lakini hisa zake familia hawajachukua, usimguse. Huyu... mwanangu huyu ni yuleyule hapa juu, walimwandikisha mara mbili, mara ya pili kwa jina la mume." Nikamuuliza mama hivi vyote unavikumbuka vipi, akanijibu "mimi ndo nilimwandikia hundi". Kumbe kila yatima alikuwa na maelezo yake, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwamulia mimi kutoka kwenye skrini. Wale waliofutwa tukawarudisha kwenye jedwali la wanachama wakiwa na hali ya "ametoka" au "marehemu", yule wa mara mbili tukamuunganisha, ndipo seva ikakubali ufunguo wa nje, yaani sharti kwamba kila mkopo uwe na mwanachama wake. Kwa hiyo kama unafanya kazi ya aina hii, mtafute mtu wa leja kabla ya kutafuta draiva.

Kwenye vifaa nitapita haraka. Zamani Access ilikuwa na wizadi yake ya kupandisha data kwenda SQL Server, ikaondolewa kwenye Access 2013. Sasa hivi kuna SSMA ya Access, ya Microsoft wenyewe, ya bure, inasoma faili, inapendekeza aina za kolamu, inajenga majedwali, inamwaga data, hata linki inakutengenezea, zile zinazofanya majedwali ya seva yaonekane ndani ya Access. Ni nzuri ila usikubali mapendekezo yake yote kwa macho yamefumba, pitia jedwali kwa jedwali. Na angalia biti: kama Ofisi yenu ni ya biti 32 unahitaji draiva ya biti 32, na kile kidirisha cha ODBC kwenye Windows, cha kupangia draiva zinazounganisha programu na databesi, kipo viwili vyenye jina moja, odbcad32.exe. Cha biti 64 kimekaa kwenye folda ya System32 na cha biti 32 kimekaa SysWOW64. Ndiyo, umesoma sawa, majina yamepishana. Aliyeamua hivyo sina la kumwambia.

Draiva nayo. Windows inakuja na ile ya zamani inayoitwa "SQL Server" tu, inafanya kazi, inaunganisha, unafurahi, halafu unakuta tarehe zako zote za datetime2 Access inazisoma kama maandishi. Ukipanga mikopo kwa tarehe inajipanga kama abjadi. Weka ile mpya, ODBC Driver ya 17 au 18. Ya 18 inataka kusimba mawasiliano moja kwa moja, na seva ya ofisini haina cheti kinachoaminika, kwa hiyo itakukatalia kuunganisha mpaka uweke cheti au uongeze TrustServerCertificate=yes kwenye maneno ya kuunganishia. Kwa netiweki ya ndani ya chumba kimoja sioni ubaya, kwa seva iliyoko kwenye intaneti hapana. Na SQL Server Express ikishawekwa haisikilizi netiweki mpaka uingie kwenye Configuration Manager uwashe TCP/IP, uipe poti 1433, uifungulie kwenye fayawoli. Mtu asiyejua hilo atamaliza mchana mzima anabadilisha pasiwedi.

Basi majedwali yamehama, linki zimekaa, fomu zinafunguka, kila mtu anapiga makofi. Subiri.

Kitu cha kwanza kitakachotokea ni keshia kubadilisha rekodi ambayo hakuna mtu mwingine kaigusa, halafu Access inamwambia kuna mtu mwingine ameibadilisha. Sababu mara nyingi ni zile kolamu za ndiyo/hapana. Kwenye Access huwa ni ndiyo au hapana, hakuna cha tatu, kwenye SQL Server aina ya bit inaweza kuwa tupu, na Access ikikutana na tupu pale inachanganyikiwa. Jaza tupu zote sifuri, weka thamani ya kuanzia sifuri, kataza tupu, halafu ongeza kolamu ya rowversion kwenye kila jedwali ili Access iwe inaangalia hiyo moja badala ya kulinganisha kolamu zote. Linki upya, ugomvi unaisha. Na ndiyo ya Access ni -1 lakini ndiyo ya SQL Server ni 1, kwa hiyo kwiri yoyote iliyoandikwa "= -1" inaweza ikarudi mikono mitupu, andika "<> 0" uwe salama pande zote. Kodi za VBA zinazofungua rekodi zitapiga eror 3622 mpaka uongeze neno dbSeeChanges kwenye amri ya kuzifungua. Jedwali lisilo na ufunguo mkuu litafunguka ila halihaririki. Hivyo vyote vinajulikana, unavipiga kimoja kimoja.

Spidi sasa. Fomu ya wanachama ilikuwa inafungua jedwali zima halafu mtu anatafuta ndani yake. Kwenye faili ilivumilika. Kwenye linki ya ODBC ukifanya hivyo na vile visanduku vya DLookup na DSum (fankisheni za Access za kutafuta na kujumlisha) kila mstari, kila kimoja ni safari yake kwenda kwenye seva na kurudi, fomu ya mikopo ikawa inafunguka polepole kuliko zamani na meneja akaanza kuniangalia kwa jicho lile. Dawa sio kununua kompyuta. Fomu ifunguke tupu ikiwa na kisanduku cha kutafutia, mtu aandike namba au jina, ndipo iombe rekodi hiyo peke yake. Salio la akiba lisijumlishwe kwa DSum kwenye kila mstari, tengeneza viu (kwiri iliyohifadhiwa) kwenye seva inayojumlisha, uilinki kama jedwali. Na kwiri zenye fankisheni ya VBA ya kujitengenezea ndani ya masharti ndizo mbaya kuliko zote, mana seva haiijui hiyo fankisheni, kwa hiyo Access inalazimika kuvuta kila kitu kuja kuchuja huku. Ripoti za mwisho wa mwezi nilizigeuza ziwe kwiri za kupita moja kwa moja, zinaandikwa kwa lugha ya SQL Server na kazi yote inafanyika kulekule.

Hapa kwenye risiti nisimame kidogo kwa sababu ndipo nilipoona watu wanaumia. Fomu ya zamani ilipata namba ya risiti kwa kutafuta kubwa kuliko zote na kuongeza moja. Makeshia wawili wakibonyeza pamoja wanapata namba moja. Kuhamia kwenye seva hakuondoi hilo hata kidogo, mbio ni zilezile, na mtu anaambiwa dawa ni IDENTITY, namba inayojitoa yenyewe. Usifanye hivyo kwa risiti. Tangu SQL Server 2012 namba hizo zinaandaliwa mapema kwa mafungu kwenye kumbukumbu, na seva ikizimika ghafla zile zilizoandaliwa zinapotea, kwenye kolamu ya int inaruka hadi 1000. Umeme unakatika leo risiti ipo 4210, kesho asubuhi risiti ya kwanza ni elfu tano na kitu. Kwa kompyuta hakuna tatizo, namba bado ni za kipekee. Kwa mkaguzi wa hesabu ni balaa, anakaa mezani anakuuliza risiti zaidi ya mia saba ziko wapi na pesa zake ziko wapi, uanze kumweleza habari za kumbukumbu ya seva. Atakusikiliza kwa heshima na ataandika hoja ya ukaguzi. Kuna setingi ya kuzima huo uandaaji kuanzia toleo la 2017 lakini hata ukiizima, muamala ukighairiwa katikati namba yake imeshaliwa.

Nilichofanya ni jedwali dogo lenye mstari mmoja, namba ya mwisho iliyotumika. Prosija moja kwenye seva inaongeza moja kwenye ule mstari na kuandika risiti, vyote ndani ya muamala mmoja, yaani vinakubaliwa vyote au havikubaliwi kabisa. Keshia wa pili akija wakati huohuo anasubiri mstari uachiwe, ni kufumba na kufumbua, hajui hata kama alisubiri. Muamala ukikwama, namba inarudi nayo. Hakuna pengo. Ni polepole kidogo kuliko IDENTITY na wataalamu wa mifumo mikubwa watanicheka, sawa, lakini kaunta ina makeshia wawili na mkaguzi mmoja.

Ulinzi ulibadilika bila hata kuwashawishi. Faili la Access likiwa kwenye folda ya kushea, mtu yeyote anayeweza kulitumia anaweza kulinakili lote kwenye flashi akaondoka nalo, majina, simu, mishahara, madeni. Tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo sio jambo la kupuuzia tena. Kwenye seva kila mtu ana akaunti yake, keshia anasoma na kusajili wanachama, risiti anaandika kupitia ile prosija tu, kufuta hawezi. Upande wa mbele kila kompyuta ina nakala yake ya fomu, wasifungue moja ya pamoja, hata baada ya kuhama watu wengi bado wanashea faili la fomu na wanashangaa linaharibika.

Bekiapu: Express haina ile kazi ya kupanga ratiba ndani yake, kwa hiyo kafaili ka .bat chenye sqlcmd na Task Scheduler ya Windows, kila siku jioni, kisha nakala inaenda kwenye diski ya nje ambayo mama mhasibu anaondoka nayo kwa zamu na meneja. Inafanyika watu wakiwa ndani wanaendelea na kazi, sio kama zamani mpaka wote watoke. Kila mwezi nairudisha nakala kwenye laptopu yangu nione kama inafunguka, na jua kwamba nakala ya toleo la 2022 hairudi kwenye toleo la 2019, kwa hiyo kompyuta ya akiba iwe na toleo hilo au jipya zaidi.

Siku ya kuhama wenyewe usiweke karibu na makato ya mishahara. Wiki ile ya makato kaunta haina pumzi. Tulichagua katikati ya mwezi, Ijumaa jioni, faili la zamani likabadilishwa jina ili mtu asije akaandika huko kwa mazoea, uhamishaji ukapigwa, halafu kulinganisha: idadi ya rekodi kila jedwali, jumla ya akiba kwa kila mwaka, jumla ya mikopo iliyobaki, jumla ya hisa. Pale riba ilipokuwa imehifadhiwa kama Double kulikuwa na visenti vinavyocheza mwishoni, mama mhasibu akaamua vizungushwe vipi akaweka saini kwenye karatasi ya ulinganisho. Hiyo karatasi itunze, ukaguzi ukija itaulizwa. Faili la zamani nalo limewekwa la kusomwa tu, halifutwi mpaka hesabu za mwaka zipitishwe.

Jumatatu nilikaa kaunta tangu asubuhi nikisubiri malalamiko. Wengine hawakuona kitu, fomu ni zilezile na rangi yake ileile ya kijani. Keshia mmoja tu ndo aliniita, "kaka, mbona namba ya mwanachama mpya haitokei?" Alizoea akianza kuandika jina tu namba imeshajitokeza, anainakili kwenye kadi huku mteja anaendelea kujaza. Access ilikuwa inatoa namba mara unapogusa rekodi, SQL Server inatoa ikishasevu. Nikamwekea kitufe cha "Sajili" juu ya fomu, anajaza jina na simu, anabonyeza, namba inatoka, ndipo anaendelea na mengine. Akajaribu kwa mwanachama wa kwanza wa siku ile, akaandika kadi, akaniuliza kama na kwenye fomu ya mikopo naweza kumwekea kitufe kama hicho.